KENGELE NA KITANZI

Mwaka 1631 Wapuritani wa Massachusetts, huko Marekani, walikata shauri kwamba asiye mshirika wa kanisa asipige kura. Mzee wa Mbinga hatashangaa. Kwetu pia dini na utawala vilikuja bega kwa bega.

Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni Peramiho mwaka 1898, kisha Kigonsera, upande huu wetu. Kengele ikagawa siku: sala, shule, shamba, tena sala. Nyumba ya mahoka ya Nkosi Mputa wa Wangoni, alimoombea wazee wake, padri akaitia moto.

Vita vya Maji Maji vikafika mwaka 1905, Peramiho nayo ikateketea. Tarehe 27 Februari 1906 Mjerumani aliwanyonga mashujaa wetu Songea, Mputa akiwamo. Kabla ya kitanzi padri wa Kigonsera alibatiza wengi wao. Hatusemi alikuwa na nia mbaya. Lakini mtu anayetazama kamba ana hiari gani ya kuchagua dini?

Waanglikana wa Liuli na Wakatoliki wa Lituhi wanavua ziwa moja. Basi kiongozi yeyote wa kijiji akiuliza mtu anasali wapi kabla ya kumgawia shamba, mkatalieni hapo hapo mkutanoni.