Amani ya Washington, mpaka wa Gatumba

BUJUMBURA – Mfanyabiashara wa jumla wa mtaa wa Asiatique huangalia pande mbili. Upande mmoja ni Kigoma na Dar es Salaam, mzigo unakotoka. Upande wa pili ni Uvira, kilomita zisizofika 30, wanakotoka wateja wanaovuka mpaka wa Gatumba. Tarehe 10 Desemba 2025 waasi wa M23 waliingia Uvira, na biashara ya upande huo ikasimama.

Siku sita kabla ya hapo, Rais Félix Tshisekedi wa Kongo na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikuwa Washington, wakitia saini makubaliano ya amani mbele ya Rais Donald Trump. Rais Évariste Ndayishimiye wa Burundi naye alihudhuria.

Msingi wa siasa ya Marekani katika Maziwa Makuu ni madini. Mwaka 2010 ilitunga sheria ya kuyataka makampuni yaeleze kama bati, dhahabu na madini mengine wanayotumia yanatoka Kongo au nchi jirani. Lengo lilikuwa kuwanyima fedha wenye silaha. Mwaka 2025 mwelekeo ulibadilika. Washington sasa inayataka madini hayo kwa ajili ya viwanda vyake, ikishindana na China, na amani ni njia ya kuyafikia.

Kasoro iko hapo. Mpango wa kiuchumi ulioambatana na makubaliano ni wa Kinshasa na Kigali. Burundi, yenye mpaka na nchi zote mbili na iliyopeleka askari Kivu ya Kusini, haimo. M23 nao hawakutia saini. Wao walikuwa wakizungumza na Kinshasa huko Doha.

Hata hivyo, sauti ya Marekani si ya kubeza. M23 walipotangaza kwamba wataondoka Uvira, walisema wanaitikia ombi la wapatanishi wa Marekani, na Januari 2026 wakaondoka. Lakini ombi hilo lilikuja mji ukiwa umekwisha kutekwa na makumi ya maelfu ya watu wamekimbilia Burundi.

Burundi na Kongo zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usalama wa barabara ya Gatumba ni jambo la kudaiwa na Bujumbura na Kinshasa wenyewe, katika kila kikao. Washington ina hesabu zake, na duka la Asiatique halimo katika hesabu hizo.