Halali Nairobi, Marufuku Bujumbura

Mama mmoja wa Nyakabiga, mke wa askari, ameniletea shauri ambalo naona si lake peke yake. Mumewe aliporudi kutoka Somalia aliweka akiba ya dola kwa ajili ya kumalizia nyumba. Sasa shemeji yake aliyeko Nairobi anamhimiza kwa simu anunue sarafu za mtandao, hiyo bitcoin na wenzake, kwa hoja kwamba Kenya imekwisha kuzihalalisha. Je, auliza mama huyo, kilicho halali kwa shemeji kitakuwaje haramu kwangu?

Shemeji hakusema uongo. Mwezi wa Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia sahihi sheria inayoyataka makampuni ya biashara hiyo yapate leseni, chini ya Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Lakini huku kwetu Benki ya Jamhuri ya Burundi iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2019, baada ya raia waliopata hasara kuiendea Serikali wakiomba msaada.

Majirani nao kila mmoja ana njia yake. Benki Kuu ya Tanzania ilizikataza mwaka huo huo wa 2019, kisha mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya asilimia 3 juu ya malipo ya mali za namna hiyo. Mtu aweza kucheka, lakini ndivyo ilivyo. Uganda mwaka 2022 iliwazuia wenye leseni za malipo wasizibadilishe. Jamhuri ya Afrika ya Kati ilizifanya fedha halali Aprili 2022, ikaghairi mwaka uliofuata, kwani hutumia faranga moja na nchi nyingine tano, na benki kuu yao ya pamoja haikuridhia.

Nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni, kama yetu, haipendi kuona dola zikitoka bila kupita benki. Hilo halihitaji elimu kubwa kulifahamu.

Basi, dada yangu, leseni ya Nairobi haivuki mpaka. Fedha zikipotea, shemeji ana mahali pa kushtaki. Wewe utakwenda kituo gani cha polisi, ukaeleze kwamba umedhulumiwa katika biashara iliyokatazwa? Tena leseni haizuii bei kuanguka: bitcoin moja iliyofikia zaidi ya dola 60,000 Novemba 2021 ilikuwa chini ya dola 20,000 kabla ya mwaka 2022 kwisha. Nyumba ingebaki bila bati.

Huenda shemeji akasema atanunua kwa jina lake, wewe umpelekee fedha tu. Hapo mwulize, mumeo naye akisikiliza, neno la siri litakuwa katika simu ya nani, na siku simu hiyo ikipotea au yeye akifikwa na jambo, ni nani atakayeifungua.