Maoni Yetu: Farasi Naye Anataka Mwenzake

Farasi ni wachache Dar es Salaam. Polisi wanao, katika Kikosi chao cha Mbwa na Farasi, na hao hawakosi wenzao. Sisi tunamsemea yule wa mtu binafsi, anayefugwa peke yake nyuma ya geti huku Temeke au Kigamboni, akisubiri sikukuu apandishe watoto kwa malipo.

Farasi ni mnyama wa kundi. Akiachwa peke yake huanza vituko: anayumba huku na huku palepale aliposimama, anaguguna mbao za mlango, halali vizuri. Mwenyewe atakwambia farasi wake mkorofi, kumbe upweke. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, na maofisa mifugo wa Manispaa ya Temeke wakipita kukagua chanjo wamuulize mfugaji na hili.

Farasi wa pili ndiye dawa hasa, ila kumlisha si mchezo. Ndipo anapoingia mbuzi, ambaye kwenye mabanda ya farasi wa mashindano huko Ulaya na Marekani amezoeleka siku nyingi. Lakini asinunuliwe mnadani kwa kutazama mnofu. Beberu hafai, kwa harufu na ubishi wake. Chukua jike lililokomaa au dume lililohasiwa, mpole, asiye na pembe, maana pembe hufika sawasawa na tumbo la farasi. Akae pembeni wiki kadhaa aonekane hana ugonjwa, kisha watazamane kupitia uzio kabla ya kulala banda moja.

Farasi naye ana kauli. Seabiscuit, bingwa wa Marekani wa miaka ya 1930, aliletewa mbuzi na mwalimu wake, akamng'ata na kumrusha nje ya banda. Alikuja kutulia alipopewa farasi mwenzake, Pumpkin.

Hatari kubwa iko kwenye ndoo ya chakula. Baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe huchanganywa monensini, dawa ya kuzuia koksidia. Mbuzi huihimili kwa kipimo chake. Kwa farasi huharibu moyo, na kiasi kidogo tu kinatosha kumuua. Kwa hiyo mabaki ya bandani kwa kuku yasimwagwe kwenye banda la farasi eti mbuzi atayamaliza. Nafaka ya farasi nayo iwekwe mbali na mbuzi, asije akavimbiwa akafa. Mkia wa farasi ukipungua, msitafute mwizi: mbuzi huutafuna.

Na kwa kuwa tupo Temeke, ambako mbuzi aliyenona hapiti bila kutajiwa jiko la mkaa, mwenye farasi awaonye mapema mashemeji na wageni wa Idi el-Hajj. Huyo amekwisha kuajiriwa. Wakimchinja, farasi atamwita usiku kucha, na majirani hawatalala.