Windows mpya, waifai yatoweka

Jumapili iliyopita binti ya kaka yangu, mwanafunzi wa chuo, alibisha hodi machozi yakimlengalenga. Alikuwa ameihamisha laptopu yake kutoka Windows 10 hadi 11, na sasa waifai haionekani. Insha ilitakiwa Jumatatu.

"Shangazi, nimeiua?"

La. Kilichokosekana ni draiva, si dereva wa matatu, bali programu ndogo inayowezesha kompyuta kuelewana na kifaa chake. Ya zamani ilikataa kufanya kazi na Windows mpya. Ajabu ni kwamba draiva mpya hupatikana kwenye intaneti, nayo ndiyo iliyopotea!

Tulichomeka simu yangu kwa waya wa USB, nikairuhusu igawe data kupitia waya huo. Hapo waifai haihitajiki. Katika tovuti ya kampuni iliyounda laptopu, tulitafuta draiva kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine. Ikakubali.

Ingekataa, tungerudi Windows 10, ingawa Microsoft iliacha kuihudumia bure Oktoba 14, 2025. Ruhusa ya kurudi ni siku 10 tu tangu kuhama.

Mpenzi msomaji, ukipanga kuhama, pakua draiva ya waifai kwanza, uihifadhi kwenye flashi.

Insha ilitumwa saa saba usiku, kwa data yangu.