Chombo Kisichojua Kulala Humaliza Betri



Pampu ya mkono ikiharibika kijijini, akina mama huanza tena safari ndefu ya maji, na fundi aliye mbali hana habari. Huko Kyuso, upande wa Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia chombo kidogo ndani ya mipini ya pampu. Chombo hicho hupima jinsi mpini unavyopanda na kushuka, kisha hupeleka habari kwa njia ya simu. Zamani pampu ilikaa imeharibika siku 27 kwa wastani. Katika majaribio ya mwaka 2013, kwa habari hizo na mafundi waliokuwa tayari, ilitengenezwa kwa muda usiofika siku 3.

Lakini mpini wa pampu hauna waya wa umeme. Chombo cha namna hii huishi kwa betri. Betri ikifa, nacho hunyamaza. Basi, mwenye kukibuni afanyeje?

Ndani yake mna kompyuta ya chipu moja, ndogo kuliko ukucha, iitwayo maikrokontrola. Na tufanye hesabu. Betri bapa kama sarafu, aina ya CR2032, ina akiba ya miliampea-saa 220 hivi. Chipu ikikaa macho daima na kula miliampea 5, akiba hiyo yaisha kwa saa 44: haifiki hata siku mbili! Lakini ikilala kwa maikroampea 1 tu, na kuamka sehemu moja ya muda katika kila elfu, wastani wa ulaji wake ni maikroampea 6. Kwa hesabu hiyo, betri ile ile yatosha miaka 4.

Ndiyo sababu wahandisi huacha saa ndogo tu ikesha, kama mlinzi wa usiku. Kijiwe chake cha kwatzi hutikisika mara 32,768 kila sekunde. Wakati ukifika, saa huiamsha chipu. Nayo hufanya kazi upesi, ikalala tena. Kupeleka habari kwa simu hula umeme mwingi zaidi na hutaka betri kubwa. Kwa hiyo habari hukusanywa kwanza, zikapelekwa kwa mara moja.

Kijiji kikiletewa chombo kama hiki, wazee wasiulize bei peke yake. Waulize pia: Huamka mara ngapi kwa siku? Betri itadumu miaka mingapi? Nani ataibadili, na kwa fedha za nani? Haba na haba hujaza kibaba. Na haba na haba pia hukimaliza.