Tyubu ya baiskeli si paipu ya mafuta

Nimekuwa kimya kwa sababu ya testi, ila hili limenikaa kooni. Gari za fildi zinafungwa paipu za mafuta kwa vipande vya tyubu na waya, halafu wanafunzi tunapakiwa nyuma kama magunia. Ukiuliza unajibiwa: "Hiyo dizeli dogo, haiwaki."

Haiwaki nani kasema? Kweli, dizeli ya baridi haishiki moto haraka kama petroli. Lakini ikirukia ekzosi iliyochemka inaweza kujiwasha yenyewe kwenye nyuzi 210 hivi, na petroli kwa njia hiyo inahitaji joto kubwa zaidi. Hapo madereva wengi hubisha.

Halafu kuna ujinga wa kungoja tone. Chukua Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, hizi zinazotupeleka porini. Pampu iko mbele na inavuta mafuta toka tangini, kwa hiyo paipu ikitoboka kidogo huoni tone chini, inavuta upepo. Gari linakosa nguvu mlimani, linazima, asubuhi linagoma kuwaka. Fundi anasema pampu imekufa, na bei ya pampu mnaijua. Si angeweka kwanza kipande cha paipu inayoonyesha ndani kabla ya pampu aangalie mapovu? Dakika tano tu!

Mimi sipingi ufundi wa porini. Tangi likitoboka, paka sabuni ya mche mfike mjini, safi kabisa. Ninachopinga ni sabuni hiyo kukutwa palepale baada ya miezi sita. Mkifika, kata sehemu iliyooza, weka ya chuma. Shaba tupu siipendi, mtikisiko unaifanya ngumu mpaka inapasuka. Mpira wa kuungia uwe wa mafuta, maana ule wa maji unavimba na kulainika. Ncha ya paipu iwe na ukingo ili mpira usichomoke, kisha klipu. Zile paipu nyembamba za kwenda kwenye nozeli usizifunge na chochote, wala usipapase kutafuta uvujaji kwa kidole. Mle presha inapita bar 100, mafuta yanatoboa ngozi.

Kulinda je? Wengi wanaivika paipu mpira wa zamani urefu wote. Inaonekana nadhifu, kumbe tope na maji vinakaa humo na kuozesha chuma taratibu bila mtu kuona. Afadhali ipite upande wa ndani wa chasisi, mbali na ekzosi, ishikwe na klipu zenye mpira kila baada ya sentimita 30 hivi ili isisuguane na chuma. Penye mawe mengi weka bati la kukinga, lenye matundu ya kutolea tope.

Fomu ya safari inauliza kilomita na sahihi ya dereva. Iongezwe mstari mmoja: paipu za mafuta zimekaguliwa, na nani. Hadi hapo, fildi ijayo nalala chini ya gari na tochi kabla ya kupanda, anayetaka kucheka acheke. Haya, nawahi maktaba.