Eti Kiswahili hakina stori za upelelezi? Someni Bwana Msa kwanza!

Jamani, tuambiane ukweli. Kuna maprodyuza wa hapa mjini, majina kapuni, ukiwauliza kwa nini filamu zao za upelelezi zimekopiwa za Wakorea mpaka koti la mpelelezi, wanajibu eti Kiswahili hakina stori hizo.

Acheni hizo! Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kisha Kisima cha Giningi mwaka 1968. Kisiwani kila mtu anamjua mwenzake, siri za familia zimefukiwa miaka, mtu anauawa, watu wanaanza kunong'ona habari za mizimu. Bwana Msa, kiko mdomoni na Najum pembeni, anauliza na kupima mpaka muuaji anaonekana ni binadamu. Koti la baridi kwenye joto hili la nini?

Boti ya Unguja ni saa mbili tu. Ila msiende kuiba na huko: hakimiliki haizikwi na mwandishi. Itafuteni familia, andikeni mkataba, lipeni. Mkishindwa hata hilo, semeni tu kwamba hamsomi.